Kuhamia Litein na watoto: Mtaala kwanza, majengo baadaye

Mgeni anayehamia Litein, Kaunti ya Kericho, kufanya kazi katika hospitali ya misheni au kiwanda cha majanichai, hulazimika kuamua mapema watoto watasomea wapi. Shule mbili za mitaala ya kigeni zinazotajwa sana Bonde la Ufa ziko mbali, nazo ni za bweni. St Andrew's ya Turi, karibu na Molo, ilianzishwa mwaka wa 1931 na hufuata mtaala wa Uingereza. Rift Valley Academy ya Kijabe, iliyoanzishwa mwaka wa 1906 kwa ajili ya watoto wa wamishonari, huegemea ule wa Marekani.

Mzazi asihadaike na bwawa la kuogelea. Aulize kwanza: mkataba wa kazi ukiisha, mtoto ataendelea na masomo nchi gani? Kozi ya IGCSE, kwa kawaida, huchukua miaka miwili. Anayehamishwa katikati, akiwa na miaka 15, huenda akakuta masomo yake hayalingani na ya shule mpya.

Mtoto mdogo huhimili mabadiliko ya mtaala. Kwake, bweni ndilo gumu. Hapo shule za Litein kwenyewe, zinazofuata mtaala wa Kenya, hazifai kupuuzwa.