Duka Chini, Nyumba Juu

Wafanyabiashara wa Kihindi kutoka Kutch na Gujarat walizidi kumiminika Unguja katika karne ya 19, baada ya Sultani wa Omani, Seyyid Said, kuhamishia makao yake huko kutoka Maskati. Nyumba zao bado zimejaa Mji Mkongwe: duka chini, familia juu.

Ngazi chache tu zilitenganisha mizani na jiko. Kilichomlinda mwenye duka ni mbao za mlango. Zikishafungwa, biashara imesimama. Waarabu na Waswahili nao walikuwa na baraza, kile kiti kirefu cha mawe kilichojengwa ukutani nje ya nyumba, ambako mwanamume alipokea wageni na kuzungumzia bei bila kuwaingiza kwa mkewe na watoto.

Na adhuhuri? Hapo saa ndiyo hutenga biashara na nyumba: maduka mengi ya Mji Mkongwe hufungwa kwa sala, chakula na kujinyoosha kidogo, yakafunguliwa tena alasiri. Ijumaa desturi hii ina uzito zaidi, kwani Sura ya 62 ya Kurani inawaagiza waumini waache biashara wanapoitwa kusali, kisha watawanyike kutafuta riziki.

Mgeni akikuta mlango umefungwa saa nane mchana, asigonge. Arudi saa kumi.