Saa ambazo sheria haikuzihesabu: marubani wa ndege za mikoa Marekani

Jamaa wengi wa Kongo waliopelekwa Marekani kutoka kambi za wakimbizi wanaishi leo Buffalo, mji wa theluji katika jimbo la New York, karibu na mpaka wa Kanada. Si mbali na uwanja wa ndege wa mji huo kuna mtaa uitwao Clarence Center. Usiku wa tarehe 12 Februari 2009, kiisha saa nne, ndege aina ya Dash 8 Q400 ilianguka hapo juu ya nyumba ya watu. Watu 49 waliokuwa ndani walikufa wote, na mmoja akafa nyumbani mwake.

Abiria walikuwa wamenunua tiketi ya kampuni kubwa, Continental, na rangi za ndege zilikuwa za Continental. Lakini aliyeirusha alikuwa Colgan Air, kampuni ndogo ya mikoa. Kwa kuelewa namna hiyo ya kazi inafaa kurudi nyuma kidogo.

Marubani wa Marekani walianza zamani kugombea saa zao. Sendika yao, iliyoundwa 1931 chini ya David Behncke, ilipata ushindi mkubwa Mei 1934: uamuzi uliojulikana kama namba 83 uliweka kikomo cha saa 85 za kuruka kwa mwezi. Mwaka 1938 uamuzi huo uliingizwa katika sheria ya usafiri wa anga. Baadaye hesabu zilibadilika: saa 30 kwa siku saba, 100 kwa mwezi, 1,000 kwa mwaka. Tazama vizuri hesabu hizo. Zote ni za kuruka. Kungoja, kusafiri kwenda kazini, kukaa uwanjani tangu asubuhi mpaka jioni, karibu hakuna aliyekuwa akiyahesabu.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Kila kampuni inaweka marubani wa akiba. Huyu hana ratiba ya safari, ana simu. Mwenzake akiugua au theluji ikivuruga mipango, simu inalia naye anakimbia uwanjani. Mara nyingi wa akiba ni vijana waliokuja mwisho, kwa sababu ratiba hugawanywa kwa miaka ya kazi, wakubwa wakichagua kwanza. Basi mtu ameamka saa kumi na mbili asubuhi, amekaa na simu kutwa nzima, jioni anaitwa kurusha ndege mpaka usiku wa manane. Amepumzika ao hakupumzika? Kampuni zilisema alikuwa nyumbani kwake. Kunako Novemba 2000, FAA, ofisi ya serkali inayosimamia usafiri wa anga, ilijibu kwa barua kwamba ukihesabu saa 24 kurudi nyuma kutoka mwisho wa safari, lazima ukute ndani yake angalau saa 8 za mapumziko ya kweli, pasipo mtu kuwa chini ya amri ya simu. Kampuni zilikwenda mahakamani, na mwaka 2002 zikashindwa.

Lakini kanuni zenyewe zilibaki za zamani. Tangu 1978 serkali ilipoacha kupanga njia na bei za tiketi, kampuni kubwa zilizidi kuachia zile ndogo safari fupi, na ndogo zililipa kidogo. Rubani msaidizi wa ndege ya Buffalo, mwanamke wa miaka 24, alikuwa amepangiwa kuanzia kazi Newark lakini aliishi kwa wazazi karibu na Seattle, upande mwingine kabisa wa nchi. Hapo awali aliwahi kufanya kazi ya pili katika duka la kahawa. Usiku wa kuamkia siku ya ajali alisafiri katika ndege za mizigo, akapita Memphis, akafika Newark asubuhi, akashinda katika chumba cha wafanyakazi. Nahodha, mkaaji wa Florida, alilala katika chumba hichohicho, ingawa kampuni ilikataza. Kwenye karatasi alikuwa na mapumziko ya zaidi ya saa 20. Karatasi haikuuliza alilala wapi.

Haki itendeke hapa: wachunguzi hawakusema uchovu ndio uliowaua. Februari 2010 walitaja kwanza kosa la nahodha. Ndege ilipoonya kwamba mwendo umepungua mno, alivuta usukani kwake badala ya kuusukuma mbele. Kuhusu uchovu, walisema yaelekea uliwapunguzia uwezo wote wawili, bila kuweza kuthibitisha kwa kiasi gani.

Familia za waliokufa hazikungoja uhakika huo. Zilikwenda Washington, zikarudi, zikaenda tena, na picha za watu wao mikononi. Tarehe 1 Agosti 2010 rais Obama alitia sahihi sheria mpya. Rubani msaidizi, aliyeweza kuajiriwa akiwa na saa 250 tu za kuruka, sasa kwa kawaida anatakiwa awe na 1,500. Kanuni mpya za uchovu zikaanza Januari 2014: saa 10 za mapumziko kabla ya kazi, ndani yake nafasi ya kulala saa 8 bila kuamshwa, na saa 30 mfululizo za kupumzika kila wiki. Wa akiba anayeitwa kwa muda mfupi hawezi kuwekwa kwenye simu zaidi ya saa 14, na saa za kungoja zinapunguza zile anazoweza kufanya akiitwa. Akingojea uwanjani, yote inahesabiwa kazi.

Marubani wa mizigo waliachwa nje. Serkali ilisema gharama ingezidi faida, neno ambalo sendika haikulikubali, wala si vigumu kuona kwa nini. Na safari ya kutoka nyumbani kwenda kazini, ile ya Seattle mpaka Newark, bado haihesabiwi. Kabla ya kila safari rubani anatia sahihi kwamba yuko tayari kwa kazi.