Tunduma: mpaka ulivyozaa mji, na huduma zipi utazipata huko

Kwa mtu wa Ndalambo, ukisema "naenda mjini" maana yake ni Tunduma. Huko ndiko gunia la mahindi linakopata mnunuzi, na huko ndiko tunakofuata mabati, saruji na sare za shule. Lakini si kila shida humalizikia Tunduma, na wapo wanaopoteza nauli kwa kutolijua hilo. Tuanze na mji wenyewe ulikotoka.

Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walitiliana saini mkataba wa kugawana ardhi hii, na mstari ukapitishwa kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Mwaka 1898 tume ya pande zote mbili ikaja kuupima. Wanyamwanga hawakuulizwa. Wakajikuta nusu huku, nusu kule, ndiyo maana hadi leo mtu wa Tunduma ana shangazi Nakonde, ng'ambo ya mpaka.

Kilichoikuza Tunduma hasa ni shida ya jirani. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia, ambayo sasa ni Zimbabwe, walijitangazia uhuru wao. Zambia haina bahari, na shaba yake ilikuwa ikipita kusini kwa hao hao walowezi. Ikabidi igeukie Dar es Salaam. Malori yakaanza kumiminika kwenye barabara ya vumbi na matope. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA likafika Ndola. Kisha ikaja reli ya TAZARA, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kwa msaada wa China kuanzia 1970, na Tunduma ikawa kwenye njia hiyo.

Penye malori pana madereva, na dereva anataka kula na kulala. Nyumba za wageni, mama lishe na wabadilisha fedha ndio waliotangulia; mipango miji ilikuja nyuma. Sensa ya 2022 ilikuta mji una watu zaidi ya 200,000. Maji hayajawahi kwenda na kasi hiyo, na kwa maoni yetu hicho ndicho kilio kikubwa cha Tunduma, kuliko hata foleni ya malori.

Sasa huduma. Tunduma ina halmashauri yake ya mji, lakini Ndalambo haimo. Sisi tuko Halmashauri ya Wilaya ya Momba, na makao yake makuu ni Chitete. Momba ilitengwa na Mbozi mwaka 2012. Kwa hiyo shauri la ardhi ya kijiji, leseni ya biashara iliyoko Ndalambo au mkopo wa halmashauri kwa kikundi cha akina mama, usiupeleke Tunduma. Anza kwa mtendaji wa kijiji, kisha kata, kisha Chitete. Mambo ya mkoa yako Vwawa tangu Songwe ilipotengwa na Mbeya mwaka 2016. Mzee anayekwambia "nenda Mbeya" anakumbuka utaratibu wa zamani.

Yanayokupeleka Tunduma kihalali ni soko, benki, treni (ulizia ratiba kabla ya kufunga mizigo) na mpaka. Kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa Oktoba 2019 na Rais Magufuli na Rais Lungu. Utaratibu wake ni huu: ukienda Zambia, maafisa wa nchi zote mbili unawakuta upande wa Nakonde, ukirudi, unawakuta upande wa Tunduma. Husimami mara mbili. Njia za panya zipo, kila mtu anazijua, ila mzigo ukikamatwa huko huna karatasi ya kujitetea.

Na kumbuka saa. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja: Ndalambo ikiwa saa nne asubuhi, Nakonde ni saa tatu. Ukiwahi sana utakuta ofisi za upande ule bado zimefungwa.