Ngoma ya nyuki

Ngoma ya nyuki ni mwendo maalumu anaoufanya nyuki kibarua juu ya sega, ndani ya giza la mzinga, ili kuwajulisha wenzake mahali penye maua, maji, utomvu au makao mapya. Mwendo huo hueleza mambo mawili: upande wa kwenda na urefu wa safari. Upande hupimwa kwa kufuata jua, na umbali hutajwa kwa muda wa kutikisa tumbo. Makala hii inaieleza ngoma hiyo kwa kuitazama katika Wilaya ya Rusizi, kusini-magharibi mwa Rwanda, eneo lililojulikana zamani kama Cyangugu. Huko jua la karibu na ikweta, milima na Ziwa Kivu huipa ngoma sura tofauti na ile iliyoonekana Ulaya, ilikochunguzwa kwanza.

Mahali na nyuki wake

Rusizi iko nyuzi 2 na nusu hivi kusini mwa ikweta. Magharibi inapakana na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kwa Ziwa Kivu na Mto Rusizi, na kusini inapakana na Burundi. Ardhi yake hupanda kutoka bonde la Bugarama, lenye joto na mashamba ya mpunga, kwenye mita 1,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Kivu uko mita 1,460 hivi. Upande wa mashariki milima huendelea kupanda hadi Msitu wa Nyungwe, hifadhi ya taifa ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2023. Kipande kidogo cha hifadhi hiyo, Msitu wa Cyamudongo, kimetengana na msitu mkubwa na kuzungukwa na mashamba ya wakulima wa Rusizi.

Kwa Kinyarwanda nyuki mmoja ni uruyuki, wengi ni inzuki, asali ni ubuki, mzinga ni umuzinga, na mfugaji nyuki ni umuvumvu. Mizinga ya asili husukwa kwa fito katika umbo la pipa jembamba. Siku hizi iko pia mizinga ya fremu na ile ya vijiti vya juu ijulikanayo kama mzinga wa Kenya. Nyuki mkuu wa nyanda za Afrika Mashariki ni Apis mellifera scutellata, mdogo wa umbo na mkali kulinda mzinga wake. Katika milima mirefu ya ukanda huu yuko nyuki mweusi zaidi, monticola, aliyetambulishwa kisayansi mwaka 1961 kutokana na nyuki wa Kilimanjaro. Wote ni wa spishi moja na nyuki wa asali wa Ulaya, na wote hucheza.

Namna ngoma inavyochezwa

Nyuki aliyepata maua mengi hurudi mzingani na kuwagawia wenzake mbochi mdomo kwa mdomo. Kisha huingia katika sehemu ya sega iliyo karibu na mlango, ambako nyuki wasio na kazi hungoja habari. Akiwa amesimama juu ya sega lililo wima, hutembea mstari mfupi ulionyooka huku akitikisa tumbo kushoto na kulia, mara 13 hadi 15 kwa sekunde, na kuvumisha mabawa. Akifika mwisho wa mstari huzunguka kulia hadi alikoanzia, hutikisa tena, kisha huzunguka kushoto. Njia yake huchora umbo la nambari 8. Mchezo huu huitwa ngoma ya mtikiso, na ule mstari wa katikati ndio wenye ujumbe.

Chakula kikiwa karibu sana, makumi machache tu ya mita kutoka mzingani, mtikiso huwa mfupi mno hata mchezaji huonekana anazunguka tu. Watafiti wa kwanza waliuita mchezo huo ngoma ya mduara na kudhani ni lugha nyingine. Leo inajulikana kwamba mduara na mtikiso ni ncha mbili za ngoma ile ile.

Wafuasi hawaioni ngoma kwa macho, kwa kuwa mzingani ni giza. Humfuata mchezaji kwa karibu, vipapasio vyao vikigusa mwili wake, na kuhisi mtikiso na mvumo wa mabawa. Wakati huohuo hunusa harufu ya ua iliyomganda mwilini na kuonja mbochi aliyoileta. Ngoma huwafikisha katika eneo. Harufu huwaonyesha ua lenyewe. Malisho yakiwa mazuri, mchezaji hurudia mizunguko mingi kwa ari, na wanaoajiriwa huongezeka. Malisho yakififia, ngoma hukoma.

Jua na upande wa safari

Juu ya sega, upande wa juu humaanisha lilipo jua. Nyuki akitikisa moja kwa moja kwenda juu, anasema: fuateni upande wa jua. Akitikisa kwenda chini: lipeni jua mgongo. Akiinamia kushoto kwa nyuzi 90, malisho yako nyuzi 90 kushoto mwa jua. Kwa njia hiyo pembe iliyopimwa angani hugeuzwa kuwa pembe inayopimwa kwa uzito wa mwili juu ya nta.

Mfano wa Rusizi hulifafanua jambo hili vizuri. Mzinga ulio magharibi mwa Cyamudongo, ukielekea msitu huo, una chakula chake upande wa mashariki. Asubuhi, jua likiwa mashariki, nyuki watokao msituni hutikisa kuelekea juu. Alasiri, jua likiwa limehamia magharibi, nyuki wale wale, kwa maua yale yale, hutikisa kuelekea chini. Maua hayakuhama, kilichohama ni alama ya kupimia. Nyuki hulijua hilo kwa kuwa ana saa mwilini na hujifunza mwendo wa jua la mahali alipozaliwa.

Wingu likilifunika jua, kipande kidogo cha anga ya buluu humtosha, kwa maana macho yake huona mpangilio wa nuru angani ambao jicho la mwanadamu haliuoni. Hata anga ikifungwa kabisa, nyuki wanaoyafahamu mazingira yao wanaweza kukumbuka jua liko wapi kwa kutazama alama za nchi, kama vile mstari wa miti au kingo za mashamba. Uwezo huu una thamani kubwa katika wilaya yenye mvua za itumba, Machi hadi Mei, na za umuhindo, Septemba hadi Desemba.

Jua la utosini

Ulaya jua la adhuhuri huwa kusini daima. Rusizi sivyo. Mwezi Juni jua la saa sita mchana liko upande wa kaskazini. Mwezi Desemba liko kusini. Kwa hiyo nyuki anayetangaza maua ya kaskazini saa sita mchana hucheza kwenda juu mwezi Juni, na kwenda chini mwezi Desemba.

Mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba, jua hupita juu ya utosi. Siku hizo hupanda likiwa karibu mashariki kamili asubuhi yote, kisha kwa muda mfupi wa adhuhuri huvuka na kuwa magharibi. Ngoma ya kuelekeza mahali pamoja hubaki karibu vilevile kwa saa nyingi, halafu hugeuka juu chini. Katikati ya mageuzi hayo jua halina upande, na pembe ya ngoma hukosa msingi. Martin Lindauer wa Ujerumani, aliyewachunguza nyuki wa Sri Lanka katika miaka ya 1950, alikuta kwamba jua likiwa utosini kabisa nyuki hupumzika hadi lisogee. Kipindi cha Septemba kina uzito wake kwa Rusizi, kwani mvua za kwanza za umuhindo ndizo zinazochanusha kahawa, na ua la kahawa hudumu siku chache tu. Habari za maua kama hayo zina thamani zikifika upesi.

Umbali, milima na maji

Umbali hupimwa kwa muda wa mtikiso. Kwa makadirio, sekunde moja ni kilomita moja, ingawa kipimo hutofautiana kati ya jamii na jamii ya nyuki. Katika msitu mmoja wa jimbo la New York, uchunguzi uliochapishwa mwaka 1982 kwa kusoma ngoma ulionyesha kwamba asilimia 95 ya safari ziliishia ndani ya kilomita 6 kutoka mzingani.

Nyuki hana kipimo cha mita. Huhesabu jinsi picha za nchi zinavyopita machoni mwake akiruka. Mwaka 2000 ilithibitishwa kwamba nyuki waliopitishwa katika handaki jembamba lenye michoro, la mita zipatazo 6, walirudi na kucheza kana kwamba wamesafiri karibu mita 200. Juu ya maji hali hugeuka, kwa maana uso wa ziwa hauna alama nyingi za kupita machoni. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha kwamba safari ya juu ya maji huongeza kidogo tu muda wa mtikiso. Kwa hiyo anayesoma ngoma za mizinga ya kisiwa cha Nkombo au ya fukwe za Kivu hana budi kukumbuka kwamba umbali uliovuka ziwa huenda ukatajwa pungufu.

Milima nayo ina kanuni yake. Karl von Frisch aliweka chakula ng'ambo ya ukingo wa mlima Austria. Nyuki waliuzunguka mlima, lakini ngoma zao zilitaja upande wa mstari ulionyooka, ambao hawakuupita, na urefu wa njia waliyoruka kweli. Aligundua pia kwamba ngoma haina neno la "juu": chakula kilipowekwa kileleni mwa mnara, mizinga ikiwa chini yake, wenzao hawakuweza kuelekezwa huko. Rusizi, ambako shamba la bondeni na msitu wa mlimani hutazamana, ngoma hutaja upande na urefu wa njia. Kupanda au kushuka hakutajwi.

Ishara nyingine

Mbochi ikiletwa nyingi kuliko wapokeaji, wachukuzi hutetemeka wakizunguka mzingani kote, na kwa ishara hiyo nyuki wengine huitwa kupokea. Nyuki aliyekutana na hatari kwenye maua humgonga mchezaji kwa kichwa huku akitoa mlio mfupi, na ngoma hupungua. Kundi lililohama mzinga hutumia ngoma ya mtikiso kujadili makao: wapelelezi hucheza kila mmoja kwa pango lake, hadi wengi wakubaliane na mahali pamoja.

Historia ya utafiti

Karl von Frisch (1886–1982), mzaliwa wa Vienna, alianza kuandika juu ya ngoma katika miaka ya 1920, akidhani kwamba aina mbili za ngoma zinatofautisha mbochi na chavua. Katikati ya miaka ya 1940 alijisahihisha mwenyewe na kuonyesha kwamba ujumbe ni mahali. Mwaka 1973 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Konrad Lorenz na Nikolaas Tinbergen. Adrian Wenner wa Marekani alipinga tangu miaka ya 1960, akisema nyuki hufuata harufu tu. Ubishi huo ulizaa majaribio bora zaidi, na mwaka 2005 nyuki waliofungwa vifaa vidogo vya rada walionekana wakiruka kuelekea mahali palipotajwa na ngoma. Mwaka 2023 ilidhihirika kwamba nyuki chipukizi waliokosa wakubwa wa kuwafuata hucheza kwa makosa mengi, na kosa lao la umbali haliishi. Nyuki huzaliwa na ngoma, lakini hunyooshwa na wazee wake.

Umuhimu kwa Rusizi

Ngoma husomeka kwa mzinga wenye ukuta wa kioo, saa na kipimapembe. Mtazamaji hupima mitikiso kadhaa ya nyuki mmoja na kutafuta wastani, kwa sababu kila mtikiso una kosa dogo. Vyuo na vyama vya wafugaji vikifanya hivyo vitajua ni miezi gani nyuki hula msituni, kwenye mikaratusi, kwenye kahawa au kwenye maua ya mashamba. Elimu hiyo ina faida pia kwa hifadhi, kwani zamani urinaji asali ndani ya Nyungwe kwa moshi na miali ulikuwa chanzo kimojawapo cha moto wa msitu. Mizinga ikiwekwa pembezoni, nyuki huingia msituni wenyewe na kurudi na mbochi, na hakuna kijinga cha moto kinachovuka mpaka.

Nyuki wanaokula ndani ya kilomita 3 tu kutoka mzingani huzunguka eneo la kilomita za mraba 28 hivi. Hayo ni mashamba ya watu wengi, na kando ya Mto Rusizi ni nchi mbili. Hakuna umuvumvu anayeweza kulilinda eneo hilo peke yake. Mkulima anayelazimika kupuliza dawa na asipulize juu ya maua yaliyofunguka. Na asubiri jioni, nyuki wakisharudi mzingani, akiwa amewaarifu majirani zake wenye mizinga.