Njia ya Kifaru: historia ya safari za Arua hadi Ajai

Safari ya siku moja kwa gari kutoka Arua hadi Hifadhi ya Wanyamapori ya Ajai ni mojawapo ya safari chache za kitalii ambazo eneo la West Nile, Uganda, limewahi kuwa nazo. Kwa zaidi ya miaka arobaini imekuwa safari ya kwenda kuona mahali alipoishi kifaru, si kifaru mwenyewe. Mpango wa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda (UWA) wa kuwahamishia Ajai vifaru kutoka Hifadhi ya Ziwa, wilayani Nakasongola, umeirudisha habari hiyo midomoni mwa watu, na pamoja nayo hadithi ya rais mstaafu wa Marekani ambayo kila mwongozaji watalii huko huianza kabla gari halijatoka mjini.

Njia yenyewe inaeleza mengi. Arua iko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, mahali penye upepo, miembe na mashamba ya muhogo. Gari likielekea mashariki huteremka polepole hadi bonde la Naili, mita 600 hivi chini yake. Joto hupanda, nyumba hupungua, nyasi hurefuka. Ajai, ambayo leo iko wilaya ya Madi-Okollo, ina ukubwa wa takribani kilometa za mraba 166, na sehemu yake kubwa ni vinamasi na mbuga zinazofurika. Mvua zikikolea, nchi kavu iliyobaki katikati huzungukwa na maji kama kisiwa. Udongo wa hapo ukilowa hushika magurudumu hadi kwenye ekseli, na gari lisilo na nguvu kwenye magurudumu yote manne halina la kufanya ila kungoja trekta. Maji hayohayo yaliwaweka wawindaji mbali kwa sehemu ya mwaka, na yalichangia kuwafanya vifaru wadumu hapo baada ya kumalizwa kwingineko.

Wamadi na Walugbara, wenyeji wa hapo, walimjua kifaru huyo tangu zamani. Wanasayansi wa Ulaya walidhani kwamba kifaru mweupe, yule mkubwa mwenye mdomo mpana wa kuchungia nyasi, anapatikana kusini mwa Afrika tu, hadi Kapteni A. St. H. Gibbons alipopata fuvu lake karibu na Lado mwaka 1900. Mwaka 1908 mwanazuoni Lydekker alimpa huyu wa kaskazini jina la kisayansi la cottoni, kwa heshima ya mwindaji Powell-Cotton. Makazi yake upande wa Uganda ya leo yalikuwa ng'ambo moja tu ya mto, ya magharibi. Ng'ambo ya mashariki hakuwapo kabisa.

Nchi hiyo ya magharibi wakati huo haikuwa Uganda. Ilikuwa sehemu ya Lado, ardhi ambayo Mfalme Leopold wa Ubelgiji aliikodi kutoka kwa Waingereza mwaka 1894, na ambayo kwa makubaliano ya 1906 ingerudishwa miezi sita baada ya kifo chake. Vituo vya Wabelgiji vilikuwa vichache na vya mbali, kwa hiyo Lado ikawa shamba la bibi. Wawindaji wa tembo kama W. D. M. Bell na John Boyes walivuka mto kutoka upande wa Uganda, wakaua, wakarudi na pembe zao. Koba, ng'ambo ya mashariki, palikuwa kijiwe chao.

Hapo ndipo Theodore Roosevelt alipopita mwanzoni mwa Januari 1910, miezi kumi tu baada ya kuondoka madarakani. Safari yake ilikuwa ya kukusanya wanyama kwa ajili ya taasisi ya Smithsonian ya Washington. Aliandamana na mwanawe Kermit na wataalamu watatu: Mearns, Heller na Loring. Kutoka Butiaba, Ziwa Albert, msafara ulishuka mto kwa kijimeli cha mvuke kilichochoka, mashua mbili za tanga na mbili za makasia. Mtu aliyekuwa amejijengea sifa nyumbani kwake kama mlinzi wa misitu na adui wa wavunja sheria alikaa Koba akala na majangili hao, akawasifu kwa ushupavu wao, kisha akaliandika jambo hilo kitabuni bila haya. Leopold alikuwa amefariki wiki chache kabla, Desemba 1909, na kila mtu mezani alijua kwamba siku za Lado zinahesabika.

Kambi ilipigwa ng'ambo ya magharibi, chini ya miti ya miiba karibu na maji. Kitabu cha Roosevelt kuhusu safari hiyo, African Game Trails, kilichotoka mwaka huohuo, ndicho chanzo kikuu cha yote yanayosimuliwa hadi leo kuhusu mahali hapo. Kinaeleza viboko waliokoroma usiku kucha, mioto ya nyasi iliyoisogelea kambi, na mbu waliowalazimisha wakubwa kukaa jioni wamevaa vyandarua vya kichwani na glavu. Lugha ya kambi ilikuwa Kiswahili. Wapagazi walimwita Roosevelt Bwana Mkubwa, na Kermit, kijana aliyependa kuvaa vizuri, wakamwita Bwana Maridadi. Waliobeba bunduki na kutangulia kwenye nyasi walikuwa watu kama Kongoni na Juma Yohari. Mwongozaji wa Kizungu aliyeijua nchi alikuwa Quentin Grogan, ndugu yake Ewart Grogan aliyepata umaarufu kwa safari ya kutoka Cape hadi Kairo, na kujua kwake nchi kulitokana na kuwinda tembo humo bila kuuliza mtu.

Uwindaji wenyewe haukuwa na ugumu mkubwa, na hili msimuliaji mwenyewe hakulificha. Kifaru mweupe ni mnyama mpole akilinganishwa na ndugu yake mweusi. Hulala kivulini saa za jua kali, haoni mbali, na mtu akienda kinyume cha upepo humkaribia hatua chache. Mmoja wa vifaru wa kwanza alikurupushwa usingizini, akaketi kwa makalio kama mbwa, akapigwa risasi. Kermit alijaribu pia kuwapiga picha wakiwa hai, kazi iliyohitaji kusogea karibu zaidi kuliko kuua. Mwisho wa mwezi hesabu ilikuwa vifaru tisa: watano wa baba, wanne wa mwana. Safari nzima ya Afrika iliwaangusha wanyama 512 kwa bunduki za hao wawili.

Roosevelt aliandika waziwazi kwamba kifaru huyu alikuwa ameshamalizwa karibu wote kusini mwa Afrika, na kwamba huku kaskazini alibaki kwenye ukanda mwembamba kando ya Naili. Hoja yake ilikuwa kwamba makumbusho yampate kabla hajatoweka. Watetezi wake wanasema tisa si kitu mbele ya maangamizi yaliyokuja baadaye, na kwa hesabu tupu hawakosei. Lakini mtu anayejua kwamba mnyama anakwisha, kisha akachukua tisa, hawezi kuhesabiwa miongoni mwa waliomhifadhi, hata kama ngozi ya mmoja wao bado inaonyeshwa Washington hadi leo. Mwezi Februari msafara uliendelea kwenda Nimule na Gondokoro, ukafika Khartoum katikati ya Machi. Kambi iliachwa, jina likabaki: Rhino Camp.

Lado ilikabidhiwa kwa Sudan Juni 1910, na wawindaji wakaivamia kwa fujo zaidi katika kipindi ambacho bendera moja ilishashuka na nyingine haijapanda vizuri. Tarehe 1 Januari 1914 sehemu yake ya kusini iliingizwa Uganda ikawa West Nile. A. E. Weatherhead, mkuu wa wilaya wa kwanza, aliweka makao Arua. Barabara ya kuteremka mtoni ilifuata, kwa jasho la wenyeji, na Rhino Camp ikawa bandari ya Arua. Meli zilizofanya safari kati ya Ziwa Albert na Nimule zilitia nanga hapo kupakia mizigo.

Kapteni Pitman, aliyesimamia idara ya wanyamapori ya Uganda kuanzia 1925, alimpa kifaru wa West Nile nafasi kubwa katika maandishi yake. Sheria ilimlinda, ingawa upanga wa sheria ulikuwa Entebbe na kifaru alikuwa West Nile. Aliyemlinda kwa karibu alikuwa chifu wa Wamadi, Ajai, aliyewakataza watu wake kuwaua vifaru waliokuwa kwenye kile kisiwa cha vinamasini. Jina lake ndilo hifadhi inalolitumia. Habari zake hazikuandikiwa kitabu, na katika masimulizi ya waongozaji watalii hupewa sentensi moja baada ya robo saa ya Roosevelt. Uzito huo umepinduliwa. Rais alikaa mwezi mmoja, chifu alikaa maisha yake yote, na bila katazo lake kusingekuwa na kitu cha kutangazia hifadhi katika miaka ya 1960.

Gari lililoweza kwenda kokote penye nyasi, Land Rover, lilitoka mwaka 1948, na katika miaka ya 1950 likawa ndilo gari la maofisa wa wilaya na wageni wao. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kutoka Arua asubuhi, akamwona kifaru, akarudi kulala mjini. Mji ulipata hoteli iliyoitwa White Rhino, mojawapo ya hoteli za shirika la serikali la Uganda Hotels. Bahati mbaya, gari na mnyama vilipishana. Makadirio ya mwaka 1955 yalikuwa vifaru 350 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakabaki kama 80. Ujangili wa pembe ndio uliofanya kazi hiyo.

Hofu ya kuwapoteza wote ilizaa safari ya ajabu kuliko zote zilizowahi kufanywa kwa gari katika bonde hilo. Mwaka 1961, kama alivyoeleza J. M. Savidge katika jarida la Oryx, vifaru kumi walikamatwa West Nile ili wapelekwe Hifadhi ya Murchison Falls. Mbinu ilikuwa ile ya wakamataji wanyama wa Kenya na Tanganyika, ambayo filamu ya Hatari! iliionyesha dunia mwaka uliofuata: lori hukimbizana na mnyama porini, nje ya njia yoyote, na mtu aliyesimama juu yake humtupia kitanzi kilichofungwa kwenye ufito mrefu. Mnyama wa zaidi ya tani moja akivuta upande mmoja na lori likivuta upande mwingine, kichuguu kimoja kilichofichwa na nyasi hutosha kulipindua. Kisha kuna kuvuka Naili, kwa maana daraja la Pakwach lilikamilika mwaka 1969 tu. Wanane walinusurika, na wengine wakafuatia mwaka 1964. Mwaka 1965 Ajai ikatangazwa hifadhi ya wanyama.

Yaliyofuata yanajulikana. Idi Amin, ambaye ukoo wake ni wa Koboko, alitwaa madaraka Januari 1971, na watalii wakatoweka. Alipoangushwa mwaka 1979, kisasi cha majeshi kiliangukia West Nile. Watu walikimbilia Zaire na Sudan kwa makundi, na bunduki zikazagaa. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 hapakuwa na kifaru mwitu hata mmoja Uganda nzima. Miaka ya 1990 ilikuwa ya waasi na magari yaliyosindikizwa na askari kati ya Karuma na Pakwach. Amani ya 2002 iliyotiwa saini Yumbe ilifungua njia, na lami ikafuata, ikiwa pamoja na kilometa 92 za Vurra, Arua, Koboko hadi mpaka wa Oraba.

Lami hiyo imezaa safari nyingine ya kutwa, ya upande wa kaskazini. Gari hufika Koboko chini ya mlima Liru, ambao Walugbara husema ndipo alipozikwa Jaki, mmoja wa mababu wawili wa kabila lao. Mwenzake, Dribidu, yuko mlima Wati. Kutoka mjini, wageni hupelekwa Salia Musala, mahali Uganda, Congo na Sudan Kusini zinapokutana. Watalii bado ni wachache. Magari mengi ya nguvu yanayopita njia za vumbi za Rhino Camp leo, Land Cruiser nyeupe zenye antena ndefu, ni ya mashirika yanayohudumia makazi makubwa ya wakimbizi wa Sudan Kusini yaliyochukua jina la kambi ile ya Roosevelt.

Kurudi kwa kifaru Uganda kulianzia kwingine. Hifadhi ya Ziwa ilipokea vifaru wanne kutoka Solio, Kenya, mwaka 2005, na wawili kutoka bustani ya wanyama ya Disney, Marekani, mwaka uliofuata. Mtoto wa kwanza, wa baba Mkenya na mama Mmarekani, alizaliwa 2009 akapewa jina Obama. Ukoo wao umezidi vifaru 40, na humo ndimo wanamotoka wa Ajai. Ni vifaru weupe wa kusini. Wale wa kaskazini wamebaki majike wawili tu duniani, Najin na bintiye Fatu, wanaolindwa Ol Pejeta, Kenya. Mama yake Najin, Nasima, alikamatwa Uganda.

Kwa gari linalotaka kwenda Ajai kabla ya vifaru kuzoea mahali hapo, msimu unaofaa ni kiangazi, kuanzia Desemba hadi Machi. Kibali hutolewa na UWA, mgeni hufuatana na askari wa hifadhi, na kutoka nje ya njia bila ruhusa ni kosa linalotozwa faini.