Ulimi Mahali pa Kamba

Kumfunga mgonjwa aliyechafukwa na akili ni desturi ya kale, na kila zama imeipatia udhuru: kwamba atajidhuru, kwamba atadhuru wengine, kwamba hapana njia nyingine. Udhuru huu wa tatu ndio unaostahili kupimwa kwa historia.

Katika hospitali ya Bicêtre, karibu na Paris, minyororo iliondolewa mwaka 1797 na Jean-Baptiste Pussin, msimamizi wa wagonjwa ambaye hakuwa daktari. Sifa ya tendo hilo aghalabu hupewa Philippe Pinel, naye alikuwa amekwisha kuhamia Salpêtrière mwaka 1795. Lakini shati la kufungia mikono lilibaki. Chuma kilikwenda, nguo ikashika zamu.

Hatua kubwa zaidi ilitokana na kalamu. Huko Lincoln, Uingereza, mwaka 1829 mgonjwa mmoja alikufa baada ya kuachwa usiku amefungwa kitandani pasipo mtu wa kumwangalia. Daktari Edward Parker Charlesworth na wenzake wakataka kila kufungwa kuandikwe daftarini, pamoja na saa zake. Daftari likasema. Mwaka 1830, kati ya wagonjwa 92, walifungwa 54, kwa saa zaidi ya 27,000. Mwaka 1837, kati ya wagonjwa 130, walifungwa wawili tu, kwa saa 28. Mwaka 1838 Robert Gardiner Hill, daktari mkazi wa nyumba ile, alitangaza katika mhadhara kwamba kamba haihitajiki kabisa. Badala yake alitaka watumishi wa kutosha, warefu na wenye nguvu, na ulinzi usiolala usiku wala mchana.

Wapinzani walisema kwamba jambo hilo lafaa nyumba ndogo tu. Mwaka 1839 John Conolly akalifanya Hanwell, karibu na London, penye wagonjwa wapatao 800. Haki yataka isemwe pia kwamba alitumia vyumba vyenye kuta za magodoro, ambamo mgonjwa alitengwa peke yake.

Katika idara za dharura za leo kazi hiyo imeangukia ulimi. Mwongozo uliotolewa Marekani mwaka 2012 wafundisha hivi: simama mbali na mgonjwa kiasi cha mikono miwili, mtu mmoja tu aseme naye, sentensi ziwe fupi, sikiliza anachotaka, mpe hiari ya kuchagua. Kiswahili chetu kina vitenzi viwili vinavyofaa hapa. Kunyamazisha ni kuzima sauti, na kamba au sindano yaweza kufanya hivyo. Kutuliza ni kuondoa kinachoileta sauti, na kwahitaji mtu mwenye wakati wa kuketi na kusikiliza.

Basi penye watumishi haba kamba hurudi, ikaitwa lazima. Ushahidi wa Lincoln ni kwamba lazima hiyo ilipungua mara ilipoanza kuhesabiwa.