Mtindi umegoma kuganda? Wafahamu bakteria wanaofanya kazi hiyo

Maziwa yamechemshwa, yametiwa chachu ya mtindi, yamefunikwa vizuri. Asubuhi ukifunua sufuria, bado ni majimaji! Kwa anayeuza mtindi, hapo hela imeshapotea. Ili kujua kilichotokea, lazima kwanza uwajue wafanyakazi wenyewe.

Ni akina nani hawa?

Wanaitwa bakteria wa asidi ya laktiki. Chakula chao ni laktosi, yaani sukari ya maziwa, na wakishaila hutoa asidi. Maziwa freshi yana pH ya karibu 6.7. Ikishuka hadi 4.6 hivi, protini iitwayo kasini hushikana na maziwa yanaganda. Asidi hiyo ndiyo inayoleta uchachu na kuzuia vijidudu vingi vinavyoharibu maziwa.

Yogati hutengenezwa na bakteria wawili: Streptococcus thermophilus na Lactobacillus bulgaricus. Huyu wa pili alitambuliwa mwaka 1905 na Stamen Grigorov kutoka Bulgaria. Wawili hawa husaidiana: bulgaricus huvunja protini na mwenzake anapata chakula, naye thermophilus hutoa asidi ya fomiki inayomkuza bulgaricus. Ndiyo maana wakiwa pamoja kazi inakwenda haraka, saa 4 hadi 6 tu kwenye joto la nyuzi 42 hadi 45.

Maziwa lala, au mala kama wanavyosema Kenya, ni kazi ya kundi jingine linaloongozwa na Lactococcus lactis. Hawa hawapendi joto kali. Nyuzi 20 na kitu zinawatosha, ila wanahitaji usiku mzima.

Siri iko kwenye jeni

Kwa Lactococcus lactis, jeni za kula laktosi mara nyingi hazikai kwenye DNA kuu. Ziko kwenye kipande kidogo cha duara kiitwacho plazimidi. Bakteria anaweza kukipoteza anapogawanyika, na akikipoteza, hawezi tena kugandisha maziwa vizuri. Lakini pia anaweza kukipata kutoka kwa jirani yake.

Jeni hizi husafiri hata kati ya spishi. Kwenye suusac, maziwa ya ngamia yaliyochachushwa Kenya na Somalia, watafiti walimkuta Streptococcus infantarius mwenye jeni za laktosi zinazofanana sana na za thermophilus wa yogati.

Maadui wawili

Wa kwanza ni dawa. Ng'ombe akitibiwa ugonjwa wa kiwele kwa antibayotiki, mabaki ya dawa hubaki kwenye maziwa kwa siku kadhaa. Thermophilus hudhurika hata na kiasi kidogo cha penisilini, na kuchemsha maziwa hakuiondoi yote. Kwa hiyo mtindi ukigoma ghafla, muulize mfugaji kama kuna ng'ombe aliyechomwa sindano karibuni.

Wa pili ni virusi wanaoshambulia bakteria. Viwandani wanaweza kuharibu tangi zima la maziwa. Mwaka 2007, wanasayansi wa kampuni ya Danisco, wakiwemo Rodolphe Barrangou na Philippe Horvath, walionyesha kuwa thermophilus hujilinda kwa kuhifadhi vipande vya DNA ya virusi waliomvamia. Virusi hao wakirudi, anawatambua na kuwakatakata. Mfumo huo unaitwa CRISPR.

Baadaye mfumo wa aina hiyo uligeuzwa kuwa zana ya kuhariri jeni, ikawapa Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2020. Mwaka 2023, Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya selimundu inayotumia zana hiyo.

Faida kwa mlaji

Watu wengi tumbo hujaa gesi wakinywa maziwa freshi kwa sababu hawameng'enyi laktosi vizuri. Yogati yenye bakteria hai huwasaidia, kwani kimeng'enya cha bakteria hao huendelea kuivunja laktosi tumboni. Yogati iliyopashwa moto baada ya kuganda haina msaada huo, kwa sababu bakteria wameshakufa.

Zingatia haya

• Chemsha maziwa kwanza. Uchachu peke yake hauhakikishi kuua vijidudu vya brusela au kifua kikuu.

• Subiri yapoe hadi vuguvugu ndipo utie chachu. Ukitia yakiwa ya moto, unawaua bakteria.

• Tumia chombo safi, na ufunike.

• Usirudie mbegu ile ile mara nyingi mno. Uwiano wa bakteria hubadilika na vijidudu vingine huingia. Mtindi ukianza kubadilika ladha au kuchelewa kuganda, anza na chachu mpya.

• Maziwa ya ng'ombe aliye kwenye dawa yasiuzwe wala kugandishwa mpaka siku zilizoandikwa kwenye dawa ziishe.